Tochi ya Sanduku la Saba

Mashine ya kufulia ilianza kugonga, ko, ko, ko, na Arlys Haugen akaanza kuigombeza kabla hata hajaifikia. Ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja jioni. Ametoka jikoni shuleni, ambako alishinda amesimama akiwapakulia watoto mia tatu viazi vya kuponda, na miguu imemvimba hadi soksi zimemwachia alama. "Na wewe nawe, umeona leo ndiyo siku ya kufa?" aliiambia mashine. Aliizima, akafungua kifuniko, akaingiza mkono katikati ya ovaroli za mumewe zilizolowa. Vidole vikagusa kitu kigumu. Akakitoa.

Tochi. Nyeusi, nene kama kidole gumba, na ubavuni imechorwa namba kwa ncha ya chuma: 7-22.

Hakuhitaji kuelezwa. Pale Torvik, mji wao mdogo kando ya kambi ya ndege za jeshi, hata muuza mikate anajua kwamba zana za kambi zina namba, kwamba kila moja ina kitanda chake kilichokatwa kwenye sponji ndani ya droo, na kwamba hakuna inayovuka ule uzio. Ikipotea moja, ndege hairuki. Spana ndogo kama kidole cha mtoto huizuia kuruka ndege iliyo kubwa kuliko kanisa lao, mpaka ionekane, maana kitu kidogo kilichosahauliwa tumboni mwa ndege kinaweza kuua watu huko juu. Na mchana ule ule mumewe Verlyn, fundi wa kambini, alikuwa amempigia simu. "Usiningoje kula," alisema. "Kuna kitu kimepotea kazini." Kitu gani? "Tochi. Ya sanduku la saba."

Arlys aliketi juu ya kapu la nguo chafu. "Mungu wangu," akasema polepole. "Mungu wangu wee."

"Nini hicho kilichokuwa kinagonga?" Sauti ilitoka sebuleni. Ilikuwa ya Orville, baba mkwe wake, mzee wa miaka themanini na tisa ambaye masikio yake yalikufa kwa mambo yanayomhusu na kufufuka kwa yasiyomhusu.

"Zipu tu, baba."

Uongo wa kwanza katika nyumba ile ulikuwa wake yeye. Baadaye alilikumbuka hilo kila alipotaka kumlaumu mtu.

*

Verlyn alirudi saa mbili. Arlys alimsikia akihangaika nje na waya wa umeme wa kupashia injini ya gari, maana kwa baridi ile gari lisilochomekwa usiku asubuhi huwa ni chuma tu. Aliingia na theluji mabegani, mwanamume wa miaka sitini na mmoja, macho mekundu. Alivua buti, akaja mezani, akaikuta tochi imelazwa kando ya sahani yake ya viazi na nyama ya kusaga.

Hakuuliza ni nini. Aliichukua, akaibonyeza. Ikawaka.

"Inawaka," alisema, na kucheka kicheko kisicho na meno wala furaha.

"Ilikuwa mfukoni mwako. Nimeifua pamoja na soksi zako. Haya, shukuru Mungu, chukua simu uwaambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba uliisahau mfukoni. Si umesahau? Binadamu husahau, Verlyn. Wewe si malaika, nami nakuhakikishia hilo kwa ushahidi wa miaka thelathini na sita."

Verlyn hakucheka. Aliisogeza sahani mbele. "Jana jioni tulikuwa nje kwenye ndege, nyuzi thelathini chini ya sifuri, upepo unachuna ngozi. Mwisho wa zamu ni lazima zana zihesabiwe na watu wawili. Mmoja ana orodha, anataja. Mwingine anaangalia kila kitundu kwenye droo, anajibu. Renae alikuwa na orodha. Mimi ndiye niliyeangalia."

"Ehe."

"Akataja tochi. Nikasema ipo."

"Uliangalia?"

"Nilikuwa nimefumba macho, mke wangu. Kope zilikuwa zinagandiana. Nilitaka kuja nyumbani, basi. Kila alichotaja nilisema ipo, ipo, ipo. Naye akatia sahihi. Anayetaja ndiye anayetia sahihi."

Arlys alivuta kiti. Renae Pfeifle alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao, mwanamke wa miaka thelathini na nne aliyeachwa na mumewe akiwa na binti mmoja. Alikuwa na miezi kumi tu kambini. Mtu asiyetimiza mwaka pale ni mgeni wa mlangoni. Huondolewa kwa barua moja.

"Kwa hiyo karatasi ina jina lake," Arlys alisema.

"Ina jina lake. Watamkemea, watamrudisha darasani wiki mbili, yataisha. Yangu hayaishi. Majira ya kuchipua wanapunguza watu kumi, na mwenye doa ndiye wa kwanza. Nimebakiza miezi minane nitimize miaka ishirini. Nikitoka kabla, pensheni yangu ni makombo, na bima inakatika. Sindano zako za sukari utanunua kwa nini? Kwa viazi vya shuleni?"

"Usinitaje mimi."

"Nimtaje nani?"

Orville alikuwa amezima televisheni. Walijua hivyo kwa sababu alianza kukohoa. "Mnanong'ona kama panya," alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nimesikia yote. Verlyn, nyamaza."

"Baba, hayakuhusu," Arlys alisema.

"Hayanihusu! Mwaka hamsini na sita walikuja na karatasi, wakachukua nusu ya shamba langu la ngano kutengeneza njia ya ndege. Kisha wakanipa kazi ya kusukuma theluji juu yake. Miaka thelathini nimesukuma theluji juu ya ngano yangu, na kila Krismasi nilisema ahsante. Yakaja yale madege ya mabomu. Wanajeshi wanalala kando yake na viatu miguuni, king'ora kikilia wanakimbia, nasi huku tumeshika vijiko hatujui kama ni mazoezi au ndiyo kiama. Nikauliza, ndani mna nini? Wakaniambia, Orville, sukuma theluji. Miaka thelathini! Halafu siku moja madege yakaondoka bila hata kwaheri, zikaja hizi ndege za kujazia nyingine mafuta angani. Kesho zitakuja nyingine zisizo na mtu ndani. Kambi haijawahi kuniambia ukweli hata wa siku moja. Leo wewe ukaipelekee ukweli wa tochi?"

"Anayelia si kambi, baba," Arlys alisema. "Anayelia ni Renae."

"Renae ni mtoto. Atapata kazi nyingine."

"Wapi? Torvik hii? Labda aje kupakua viazi pamoja nami."

Verlyn alikula chakula chake kilichopoa, kijiko baada ya kijiko, kama mtu anayetumikia adhabu. Alipomaliza alisema, "Kesho. Nitaangalia kesho," na Arlys, aliyechoka kupita kiasi, akakubali kwa sababu kesho ni neno rahisi.

*

Kesho yake Verlyn aliondoka na tochi mfukoni na akarudi nayo mfukoni.

Mchana Arlys alipita dukani kununua kahawa na unga, akamkuta Renae mbele yake kwenye foleni, amevaa ovaroli ya kazi, mikono imechubuka na kuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Walikuwa wamempa nusu saa ya kula. Muuza duka, mwanamume mnene mwenye mzaha wa kununuliwa kwa kilo, alimtazama, akawatazama wateja wengine, akasema kwa sauti, "Dada, umetazama kwenye pochi yako? Mama watoto wangu vitu vyote hupotelea humo."

Watu wakacheka, kicheko kile kidogo cha watu wasiotaka kuonekana wabaya.

"Nimetazama," Renae alijibu. Alijaribu kutabasamu. "Nimetazama na kwenye mapipa ya taka. Yote arobaini. Kwa mkono."

"Na ndege bado imefungwa?"

"Mbili. Wamefungua sakafu za ndege zote mbili. Moja ilikuwa iondoke jana kwenda kuchukua watu wa kurudishwa makwao."

"Aisee. Kwa tochi!" Muuza duka alimpa chenji. "Mume wa dada yangu alikuwa arudi kwa ndege hiyo. Binti yake anabatizwa Jumapili."

Renae aligeuka, akamwona Arlys, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeona ndugu stendi. "Mama Arlys! Mwambie Verlyn nashukuru. Leo asubuhi alibaki nje saa tatu nzima ananisaidia kupepeta theluji. Wengine wote walikwenda zao."

Arlys alitaka kusema. Maneno yalifika kooni, akayasikia yalivyo makubwa, na watu sita wamesimama nyuma yake na vikapu. "Pole, mwanangu," ndilo alilosema. "Pole sana." Alisahau unga juu ya kaunta, muuza duka akamfuata nao hadi mlangoni.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Ulibaki saa tatu unatafuta kitu kilichoko mfukoni mwako."

"Ningefanya nini? Ningeondoka?"

"Verlyn, una moyo gani wewe?"

"Wa mtu aliyechoka," alisema. Akatandaza gazeti mezani, akaleta kikopo cha grisi ya mashine ya kusukumia theluji, akaanza kuipaka ile tochi. Ilikuwa safi mno, ilinukia sabuni. Aliingiza grisi kwenye mistari ya kifuniko kwa njiti ya kiberiti, akaifuta kidogo kwa kitambaa, akaipaka vumbi la jivu, akaisogeza mbali ili aione vizuri. Arlys alisimama na sufuria mkononi akimtazama mumewe akikichafua kitu alichokifua yeye.

"Kesho asubuhi tuna matembezi ya kuokota," Verlyn alisema bila kuinua kichwa. Kila asubuhi kabla ya ndege kuwashwa, watu wote wa zamu hujipanga bega kwa bega, wakatembea uwanja mzima macho chini, wakiokota kila kokoto na kila msumari usije ukavutwa na injini. "Itaonekana. Ndege zitafunguliwa, watu watarudi makwao, mtoto atabatizwa, na Renae atapumua. Hakuna aliyeumia. Sema basi kuna ubaya gani?"

Arlys alitafuta ubaya wenyewe, asiupate kwa haraka ile. Hilo ndilo lililomtisha. Aliweka sufuria jikoni, akaenda kujichoma sindano yake.

*

Ikaonekana. Ijumaa asubuhi Verlyn mwenyewe aliinua mkono katikati ya ule mstari wa watu themanini, karibu na ukingo wa theluji, akaita, "Hii hapa!" Watu wakapiga makofi kwa glavu zao nene. Renae alimkimbilia, akamkumbatia mbele ya wote, akalia begani mwake. Yote hayo Arlys aliyapata kwa simu kutoka kwa mumewe, na sauti ya Verlyn ilikuwa nyepesi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mchana madege mawili yalipita juu ya paa la shule, moja baada ya lingine, sahani zikatetemeka rafuni. Watoto hawakuinua hata vichwa.

Jumamosi saa tisa mchana Renae aligonga mlango. Alibeba keki ya tufaha kwenye bati lililofunikwa karatasi, na chini ya kwapa bahasha.

"Karibu, karibu, baridi hiyo," Arlys alisema.

"Sikai. Nimemletea Verlyn tu." Lakini alikaa. Aliiweka keki mezani, mbele ya Verlyn, na Verlyn akaitazama ile keki asiiguse. Orville alikuwa kwenye kiti chake, amejifanya kalala.

"Wanakuachisha kazi," Arlys alisema. Aliliona kwenye uso wa yule mwanamke kabla hajafungua kinywa.

"Jumatatu." Renae alipenga kamasi kwenye leso. "Nilidhani ikipatikana yameisha. Msimamizi akaniita ofisini. Anasema ingepotea ndani ya banda la ndege, ni uzembe. Lakini imepatikana nje, mahali ndege zinapopita. Ingevutwa na injini. Anasema sasa si uzembe tena, ni hatari, na mimi sijatimiza mwaka." Alicheka, akalia, akacheka tena. "Ingekuwa haikuonekana ningebaki kazini. Umewahi kusikia mambo kama hayo, mama?"

Verlyn alikuwa ameweka mikono yake yote miwili juu ya meza. Ilikuwa imetulia kabisa.

"Ndiyo maana nimekuja na hii." Renae alitoa karatasi kwenye bahasha. "Anasema nina nafasi moja. Kama shahidi ataandika kwamba hesabu ilifanywa kwa utaratibu, kitundu kwa kitundu, basi kosa si langu peke yangu, na barua itazuiliwa. Verlyn, nilitaja tochi ukasema ipo. Unakumbuka? Hapo ndipo upepo ulipong'oa karatasi nikaikanyaga kwa buti. Ukasema ipo. Andika hilo tu. Mstari mmoja."

Nje gari lilipita likisaga theluji. Arlys alimtazama mumewe, na kwa muda ule alimwombea kwa moyo wote, kama anavyoombewa mtu aliye mezani kwa daktari. Sema. Nitakula viazi maisha yangu yote, sema.

"Renae," Verlyn alisema, "ilikuwa baridi sana siku ile."

"Ndiyo."

"Sikumbuki vizuri." Alikohoa. "Nisije nikaandika kitu nisicho na hakika nacho. Sikumbuki kama hiyo ya tochi nilisema ipo, au hukuitaja."

Renae alimtazama. Hakukasirika, lilikuwa jambo ambalo hakuwa amelitegemea kabisa, kwa hiyo lilichukua muda kumfikia. Alianza kuirudisha karatasi kwenye bahasha, ikawa haiingii. "Basi," alisema. "Sawa. Labda sikuitaja. Labda ni kweli. Kwa baridi ile." Akaanza kujitilia shaka mbele ya macho yao, mwanamke mzima, anajaribu kukumbuka kosa ambalo hakulifanya.

"Uliitaja," Arlys alisema.

"Arlys," alisema Verlyn.

"Uliitaja, naye akasema ipo, na tochi ilikuwa mfukoni mwake. Nimeitoa mimi kwenye mashine yangu ya kufulia Jumatano jioni. Ilikaa hapa mezani jioni mbili. Hapo hapo ilipo keki yako." Akaigusa meza kwa kidole. "Dukani nilikuona na sikusema. Hilo ni langu, si lake. Nisamehe, au usinisamehe. Lakini usiende nyumbani ukidhani umerukwa na akili."

Orville alifumbua macho. "Mwanamke huyu ametumaliza," alisema.

"Baba, nyamaza wewe leo!" Arlys alimgeukia. Katika miaka thelathini na sita hakuwahi kumjibu hivyo, na mzee akanywea kitini.

Renae alikuwa bado anamtazama Verlyn. "Nilikukumbatia," alisema. "Mbele ya watu wote." Kisha akaitandaza karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja, akaweka kalamu juu yake. "Andika."

Verlyn aliandika. Ilimchukua muda mrefu, maana mikono ile iliyozoea skrubu haikuzoea maneno. Alipofika mwisho, Renae aliisoma yote, akairudisha. "Na ya theluji. Kwamba uliiweka wewe." Akaongeza mstari huo, akatia sahihi. Renae akaikunja, akavaa glavu, akachukua bati lake la keki, akatoka. Hakuubamiza mlango. Aliufunga taratibu kama mtu anayetoka nyumba yenye mgonjwa.

*

Simu ililia Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi. Msimamizi hakusema mengi: Verlyn asiingie zamu, aache kitambulisho getini, asubiri kuitwa. Na Renae? Yuko zamu, alisema, na akakata.

Verlyn hakuweza kuendesha. Alisema macho yanamuuma. Arlys alimpeleka mwenyewe, amevaa tayari aproni ya shule chini ya koti. Njiani hawakuzungumza. Magari ya zamu ya asubuhi yalikuwa yamepanga mstari mrefu mbele ya geti, taa zinawaka, moshi unatoka, na katika mstari ule wengi walimjua Verlyn, wengine walianza kazi chini yake. Walitazama mbele.

Askari wa getini alikuwa kijana wa kutoka kusini, masikio yamekuwa mekundu kwa baridi. Alikichukua kitambulisho, akakitazama upande mmoja, akakitazama na wa pili, kama vile kuna mtu alimfundisha kufanya hivyo. "Nahitaji na kibandiko cha gari, mzee," alisema. Verlyn alikibandua kwenye kioo cha mbele kwa kucha. Kilikataa kutoka chote, kikabaki nusu. Kijana alisema haidhuru. Kisha akainama dirishani kwa Arlys, akaonyesha kwa mkono. "Mama, geuzieni hapo pembeni. Hapo ndipo wanapogeuzia wageni."

Miaka kumi na tisa na miezi minne ya ovaroli.

Arlys hakugeuza mara moja. Verlyn alikuwa amekaa mikono mapajani, anatazama ule uwanja mweupe ng'ambo ya uzio, ambako watu walikuwa wakijipanga bega kwa bega.

"Nilidhani utanyamaza," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamweleza tu.

"Na mimi nilidhani utasema," Arlys alijibu.

Gari la nyuma lilipiga honi, fupi, kwa adabu. Ilikuwa karibu saa mbili, na viazi vya watoto mia tatu vilikuwa bado havijamenywa. Arlys alikata usukani, akageuza.